Shajara ya mradi: kufufua taa za kale na kuzitundika katika nyumba ya zamani

Taa zenyewe ni nne: taa kubwa ya matawi sita ya sebuleni, jozi ya taa za ukutani, na taa ya bakuli la kioo cheupe ya ukumbini. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kufanya kazi kama hii aone palipokwama. Kung'arisha, ambako wengi hukuwazia kwanza, kumepewa aya chache tu. Muda na fedha viliishia ndani ya mirija na juu ya dari, mahali ambapo mgeni hatapaangalia kamwe.

Kuunganisha taa na umeme wa nyumba nimemwachia fundi umeme mwenye leseni. Nchi nyingi zinadai hivyo kisheria. Mengine yote hapa ni ya mezani, yanafanyika bila umeme karibu.

9 Januari: Ukaguzi

Sumaku kwanza. Ikinasa, taa ni ya chuma kilichopakwa brasi, na ngozi hiyo ni nyembamba kiasi kwamba mashine ya kung'arishia inaimaliza mara moja. Isiponasa usishangilie bado, kwa sababu zinki ya kalibu nayo haivutwi na sumaku. Kwaruza kidogo mahali palipofichika: rangi ya njano ikiendelea mpaka ndani ni brasi, ikitokea ya kijivu ni zinki. Taa kubwa ni brasi tupu isipokuwa kikombe chake cha darini, ambacho ni zinki. Za ukutani ni brasi. Minyororo ya bakuli ni chuma kilichopakwa, kwa hiyo itapanguswa tu.

Matawi matatu ya taa kubwa yanatazama juu na yana koki ndogo. Matatu yanatazama chini na hayana. Hii ni taa ya kipindi cha mpito, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati umeme ulikuwepo lakini haukuaminika. Gesi ilipita kwenye matawi ya juu, umeme kwenye ya chini, na kimoja kikikatika kingine kilibaki. Baadaye mtu akapitisha waya hata kwenye mirija ya gesi. Jambo hili lilikuja kunisumbua mwezi Machi.

Waya wa ndani ni wa mpira uliofunikwa kwa uzi wa pamba. Ukiutazama kwa nje ni mzima kabisa. Ukiukunja, mpira unavunjika na kumwaga unga, shaba inabaki uchi ndani ya uzi. Uamuzi ulikuwa rahisi: hakuna hata kipande cha waya wa zamani kinachobaki. Mtu akikuuzia taa ya kale na kusema "inawaka vizuri", amekuambia kwamba shaba haijakatika, basi.

Kwenye holda mbili nilikuta karatasi ya kijivu ya kukinga joto. Karatasi za namna hiyo za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Sikuikwangua wala kuipuliza. Niliilowesha, nikaifunga katika mifuko miwili na kuipeleka panapopokelewa taka za hatari.

17 Januari: Kufungua

Picha kwa kila hatua, kibandiko chenye namba kwa kila tawi na mdomo wake, skrubu katika vikopo vyenye namba zilezile. Matawi hayabadilishani nafasi, hata yakionekana mapacha: kila moja lilikazwa mahali pake likasimama kwa pembe yake, na ukilihamisha halitatazama pale ulipotaka.

Viungo viwili viligoma. Mafuta ya kupenya na kusubiri usiku kucha vilifungua kimoja. Kingine kilihitaji joto la bunduki ya hewa moto upande wa nje tu, ili tundu litanuke kabla ya mrija. Koleo la bomba lisiguse brasi bila ngozi nene katikati. Alama za meno yake hazifutiki bila kula nakshi.

3 Februari: Kusafisha

Kabla ya kusugua chochote nilijaribu vanishi ya zamani kwa pamba mahali pasipoonekana. Ikilainika kwa spiriti ni shelaki. Ikilainika kwa asetoni lakini si kwa spiriti, yamkini ni nitroselulosi. Ya kwangu ilikuwa ya asetoni. Vipande vidogo nilivichemsha katika maji yenye magadi ya kuokea mikate, na vanishi ikabanduka yenyewe kama ngozi ya kitunguu. Sehemu kubwa zilifutwa kwa asetoni, dirisha wazi, glavu mkononi.

Kilichoshindikana ni siki na chumvi, njia inayosifiwa kila mahali. Niliijaribu kwenye taa moja ya ukutani. Weusi uliondoka haraka, na chini yake yakatokea mabaka ya waridi. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Asidi huanza kuila zinki, na kinachobaki juu ni ngozi ya shaba tupu. Mabaka hayakuwa na kina, yakaisha kwa dawa laini ya kung'arishia na kitambaa, lakini kona za majani ya nakshi zilipoteza ukali kidogo. Taa ya pili haikuonja siki. Zikiwekwa pamoja tofauti inaonekana, ukijua pa kuangalia.

Epuka pia dawa zenye amonia, hasa kwa sehemu nyembamba zilizofinyangwa kwa kusokotwa au kukunjwa. Brasi iliyobaki na mkazo ndani yake hupasuka ikikutana na amonia. Jeshi la Uingereza huko India lilipata fundisho hilo kwenye maganda ya risasi: yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua yalipasuka yenyewe, na sababu ikaja kubainika kuwa amonia ya mikojo ya wanyama. Maelezo ya kisayansi yalitolewa mwaka 1921. Vikombe vya taa hizi vimetengenezwa kwa kufinyangwa vilevile.

Taa kubwa sikuing'arisha mpaka mwisho. Nilitoa uchafu na vanishi iliyochakaa, nikaacha weusi ukae ndani ya mashimo ya nakshi, nikapaka nta ya kuhifadhia metali. Taa iliyosuguliwa mpaka kwenye mashimo inaonekana mpya, na anayetaka mpya, mpya zipo madukani kwa bei nafuu zaidi. Za ukutani zilikuwa zimeshang'aa kwa sababu ya kusugua mabaka, kwa hiyo zilipakwa vanishi. Baada ya muda alama za vidole zilitokea chini ya vanishi, za kahawia, zimechoreka vizuri kabisa. Jasho lilibaki juu ya metali kabla ya kupaka. Dawa yake ni kuibandua yote, kufuta kwa spiriti, na kutogusa tena ila kwa glavu za pamba.

19 Februari: Thredi zisizopatana

Mrija wa katikati ulikuwa umeliwa kwenye thredi za juu, zile zinazobeba taa nzima. Nilinunua mrija mpya wa kawaida wa taa, wenye kipenyo cha milimita 10 na hatua (umbali kati ya uzi mmoja wa thredi na unaofuata) ya milimita 1. Nati ya zamani iliingia mizunguko michache kisha ikabana.

Sababu ni hesabu. Thredi za zamani kwenye taa hii ni za inchi: nyuzi 27 kwa inchi moja, yaani hatua ya milimita 0.94, na kipenyo kinazidi milimita 10 kidogo. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mizunguko ya mwanzo pia ni kitu kimoja, na hapo ndipo hatari ilipo, maana ukiendelea kukaza kwa spana nati itaingia kweli, ila itakuwa imekata thredi laini za brasi na kushikilia kwa vipande viwili vitatu. Taa ya kilo 14 isitundikwe hivyo juu ya vichwa vya watu.

Nunua geji ya thredi. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na kilinionyesha hitilafu palepale. Mkereza vyuma alinitengenezea adapta ya brasi yenye thredi za inchi upande mmoja na za milimita upande wa pili. Ilikuwa ghali kuliko mrija wenyewe.

8 Machi: Waya, na koki za gesi

Waya wa kwanza niliochagua ulikuwa wa ganda la silikoni, milimita 0.75 za mraba. Unahimili nyuzijoto 180, ni laini, unapinda kwa urahisi kwenye kona za matawi. Niliuvuta kwa uzi wa nailoni na poda ya talki. Matawi ya umeme, yale ya chini, yaliupokea bila shida. Ya gesi yakaanza ubishi.

Mrija wa gesi ni mwembamba, na njiani kuna koki. Ndani ya koki kuna kizibo chenye umbo la koni, na tundu la gesi limepita katikati yake. Aliyepitisha waya zamani aliupitisha kwenye tundu hilohilo. Fikiria kinachotokea siku mtoto au mfagiaji akizungusha kile kishikio kizuri cha koki: kizibo kinageuka kuwa mkasi, na mkasi huo ni wa metali, umeunganishwa na mwili wote wa taa. Kwenye koki moja nilikuta waya umeshaliwa nusu.

Kuziondoa koki kungeharibu sura ya taa, maana ndizo zinazosimulia ilikotoka. Kwa hiyo kila kizibo kilitolewa, tundu likapanuliwa kwa keekee na kulainishwa kwa tupa ya duara, kikarudishwa tundu likiwa limelingana na mrija, kisha kikafungwa kwa pini ndogo ya brasi kutoka upande wa nyuma ili kisizunguke tena. Kishikio kipo, hakigeuki. Nikipata taa nyingine ya namna hii nitaanza na koki kabla hata ya kununua waya.

Baada ya kuvuta waya wote nilipima kwa mega, kifaa cha kupima kama ganda la waya linazuia umeme kuvuja, kwa volti 500, kati ya nyaya na mwili wa taa. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida kwa saketi za nyumba ni megaomu 1, na waya mpya kwenye taa ndogo kama hii unapaswa kusoma mamia. Matawi manne yalisoma hivyo. Mawili yalisoma karibu na sifuri.

Maltimita ya kawaida haikuwa imeonyesha tatizo lolote. Hupima kwa volti chache za betri, na penye mchaniko mdogo ambao shaba haijagusa mwili bado, husema ni salama. Mega husukuma volti 500 na umeme huruka pengo hilo. Asiye na mega aazime, au amwombe fundi umeme aje nayo. Bila kipimo hiki kazi ya waya haijaisha.

Nilipouvuta waya nje, ganda la silikoni lilikuwa limechanika pale mrija unapoishia. Silikoni inavumilia joto vizuri sana lakini haina ubishi mbele ya ukingo mkali. Ukiitia kucha inachanika. Tulichofanya: mdomo wa kila mrija ukachongwa kwa tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, ukawekwa bushi ya plastiki pale ilipoweza kuenea, na waya wote ukabadilishwa. Waya mpya ni wa ganda la PTFE (plastiki ya teflon), ambalo ni jembamba, linateleza, na ni gumu kuchanika. Ni wa bei ya juu na hauna ulaini wa silikoni, lakini kwenye mirija ya gesi sioni mwingine. Mega sasa inasoma zaidi ya megaomu 500 kwa kila tawi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kuhangaika na waya wa joto ilhali balbu za LED hazichomi. Kwa sababu mimi nitaweka LED, lakini simjui atakayepanda ngazi baada yangu.

Holda: za kaure, mpya, zenye mdomo wa kuzungusha wa E27 (kipenyo cha milimita 27), zimefichwa ndani ya vikombe vya zamani. Waya wa moto unakwenda kwenye ncha ya katikati, nyutro kwenye ukuta wenye thredi. Ukivigeuza taa itawaka vilevile, na anayebadilisha balbu ataweza kugusa umeme kwa kidole.

15 Machi: Waya wa ardhi

Taa ya metali lazima iunganishwe na ardhi. Hizi hazikuwahi kuwa na kitu hicho. Niliweka skrubu ya ardhi kwenye kitovu cha taa kubwa, nikidhani matawi yatapata mawasiliano kupitia thredi zao. Vipimo vilikataa: tawi moja halikuwa na mawasiliano kabisa na jingine lilibadilika kila nilipolitikisa. Vanishi ya zamani ilikuwa imebaki ndani ya thredi, nayo ni kizuizi kizuri cha umeme. Nilisafisha thredi zote kwa brashi ya waya, nikaweka washa ya nyota kwenye kila kiungo, nikapima upya. Viwango vya kimataifa vya taa vinataka isizidi omu 0.5 kati ya skrubu ya ardhi na metali yoyote inayoguswa. Sasa yote yako chini ya hapo.

23 Machi: Chengeu

Chengeu, yaani vioo vinavyofunika mwanga, za gesi na za umeme hazina shingo ya kipimo kimoja. Za umeme kwenye taa hii zina shingo ya inchi 2¼, karibu milimita 57. Za gesi ni inchi 4, karibu milimita 102, kwa sababu mwali ulihitaji hewa. Pima kikombe kinachoshika kioo kabla ya kuagiza. Chengeu moja ya gesi ilikuwa na ufa ulioanzia hasa pale skrubu inapogusa. Skrubu tatu za kikombe zikazwe kwa vidole mpaka ziguse, kisha zirudishwe robo mzunguko. Kioo kinatanuka kikipata joto, na kikikosa nafasi kinajitafutia.

5 Aprili: Dari

Taa kubwa ilikuwa imeshikwa na bomba la chuma la gesi linalotokeza darini. Kabla ya kuligusa, mtaalamu wa gesi alithibitisha kuwa limekatwa na kuzibwa. Usiruke hatua hii kwa kuamini kwamba gesi iliondoka zamani. Bomba lililosahauliwa huenda bado linaungana na lililo hai.

Dari ni ya papi (vibao vyembamba vilivyopigiliwa kwa kuachana kidogo) na lipu. Lipu ya namna hii hujishika kwa kupenya kati ya papi na kuganda upande wa juu, hivyo nyundo au keekee yenye mgongo wa kugonga huikata mshiko na kipande kizima kinaweza kushuka. Tulifanyia kazi juu, kwa kufungua mbao za sakafu ya chumba cha ghorofani. Ubao mnene wa mti mgumu ulikazwa kati ya boriti mbili kwa skrubu ndefu, na fimbo ya chuma yenye thredi, milimita 10, ikapita katikati yake, na nati na washa pana juu. Tundu la kwenye lipu lilitobolewa kwa keekee ya polepole, tepu ikiwa imebandikwa chini.

Kipimo cha mzigo nilikiazima kutoka kwenye viwango vya taa, ambavyo hudai kifaa cha kutundikia kivumilie mzigo wa mara nne ya uzito wa taa kwa saa moja. Mara nne ya kilo 14 ni kilo 56, basi mifuko ya mchanga ikaning'inizwa kwa saa nzima. Fimbo haikusogea. Lipu ilipata nyufa nyembamba kuzunguka tundu, ambazo kikombe kimezifunika.

19 Aprili: Kutundika

Watu wawili kwenye jukwaa, si ngazi moja. Taa ilining'inia kwanza kwa kamba ya muda kutoka kwenye kulabu, ili fundi umeme aunganishe nyaya bila mtu kubeba kilo 14 kwa mikono. Waya haubebi uzito wowote, umeachiwa ulegevu ndani ya kikombe. Chini ya taa hakuna meza, hivyo sehemu yake ya chini iko mita 2.1 kutoka sakafuni. Ingekuwa juu ya meza ningeishusha mpaka sentimita 80 hivi kutoka kwenye uso wa meza.

1 Mei: Balbu

Niliweka LED za lumeni 800, zile zinazochukua nafasi ya balbu ya wati 60 ya zamani. Sita kwa pamoja: ukumbi wa mikutano. Hakuna aliyeweza kuinua macho.

Taa hii ilitengenezwa wakati balbu ya kawaida ya nyuzi za kaboni ilikuwa na nguvu ya mishumaa 16, ambayo ni karibu lumeni 200 au pungufu. Wabunifu walijua mtu atatazama balbu moja kwa moja, na mwanga wake ulikuwa hafifu kiasi cha kutazamika. Nilibadilisha zote kwa LED za lumeni 250, rangi ya 2700 K, yaani mwanga wenye unjano, na brasi ikarudi kuwa na kivuli na mng'ao wake. Anayehitaji mwanga wa kusomea aweke taa ya mezani.

Dima (swichi ya kupunguza mwanga) ya zamani iliyokuwa ukutani ilizifanya zipepese. Ni ya aina inayopunguza mwanga kwa kukata mwanzo wa kila wimbi la umeme, iliyotengenezewa mizigo mikubwa, na balbu sita za LED hazifiki hata wati 20. Dima ya kukata mwisho wa wimbi, yenye kiwango cha chini kidogo, ilimaliza kupepesa.

4 Mei: Gharama mpaka sasa

Ukizigawa gharama zote mafungu kumi, manne yamekwenda kwa fundi umeme na kebo mpya, matatu kwa waya, holda na koki, moja kwa mkereza, moja kwa mbao, fimbo na marekebisho ya dari, na moja limegawanywa kati ya kioo kilichonunuliwa, dawa za kusafishia, nta na vanishi. Waya wa silikoni uliotupwa umo kwenye yale matatu.

10 Mei: Za ukutani zinasubiri

Taa ya bakuli imeshatundikwa bila la kusimulia. Za ukutani zimekamilika mezani, ila kebo iliyokuwa imezikwa ukutani haina waya wa ardhi, na fundi umeme amekataa kuzifunga juu yake. Yuko sahihi. Kebo mpya yenye waya tatu imepitishwa kutoka kwenye ubao wa breka, ikilindwa na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, na mifereji imezibwa kwa lipu. Lipu ikikauka na kupakwa rangi zitafungwa, ile iliyoonja siki upande wa kushoto, nyuma ya mlango.